Kiwanja cha Shirika na Habari za Uluguru



Hoja iliyoletwa na baadhi yenu, kwamba kiwanja cha chama cha kuanikia karafuu kikatwe vipande na kila mwanachama apewe chake, itafikishwa mbele ya mkutano mkuu, na kila mtu atapiga kura yake kama aonavyo. Hiyo ni haki ya wenye hoja na hatuna ugomvi nayo. Lakini jarida hili ni la wanachama, na sisi tuliopewa kazi ya kuliandika hatuwezi kukaa kimya tukajifanya hatuna rai. Rai yetu ni kwamba hoja hii isikubaliwe. Sababu zetu tumezitoa mbali kidogo, katika milima ya Uluguru, mkoa wa Morogoro, na twamwomba msomaji atuvumilie mpaka tufike.

Kwanza yatupasa tuseme kwa uadilifu yale wanayoyasema wenye hoja. Wanasema msimu uliopita kiwanja kilijaa majamvi ya watu wachache waliowahi, na wengine wakalazimika kuanika pembeni mwa barabara ya lami. Wanasema mvua iliponyesha ghafla hapana aliyejishughulisha kufunika karafuu za mwenziwe. Wanasema ufa wa sakafu umekaa misimu miwili haukuzibwa, kwa kuwa kila mtu amngoja mwingine. Kisha wakamalizia kwa methali, manahodha wengi chombo huenda mrama. Yote haya ni kweli, wala hatuyapunguzi. Tunachokikataa ni dawa. Mtu akiumwa na jino hang'olewi taya.

Sasa, kwa nini Uluguru? Jina hilo limeanza kutajwa katika mabaraza yetu, na hutajwa kwa uso uliokunjwa. Watu wamepata habari kwamba upande wa mashariki wa milima ile, kule Kinole, Mkuyuni, Matombo na Tawa, mikarafuu inastawi, na kwamba katika miaka ya karibuni halmashauri ya wilaya ya Morogoro imekuwa ikikuza miche na kuwagawia wakulima. Basi tumewasikia wanachama wakisema, watu wa bara wanatuchukulia karafuu yetu. Maneno haya hayana maana. Mkarafuu haukuumbwa kisiwani kwetu. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi iitwayo leo Indonesia, ukapitia visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi, na Unguja ulifika mwanzoni mwa karne ya 19. Na Indonesia hiyo leo huvuna karafuu nyingi kutushinda sisi mara nyingi, na sehemu kubwa wao wenyewe huzichoma katika sigara zao. Mwenye kutafuta nani ateremshaye bei duniani asimtazame mkulima wa Kinole mwenye miti thelathini nyuma ya nyumba yake.

Kwetu sisi watu wa Uluguru ni wenzetu katika kazi moja, na wanalo jambo wanalolijua kutupita: wanajua nini huwapata watu wanaoishi juu ya mali ya shirika, zikiwa kanuni zake ni nzuri na zikiwa mbaya. Wameyaona yote mawili.

Milima yenyewe imesimama nyuma ya mji wa Morogoro, mwendo wa kilomita 190 hivi kutoka Dar es Salaam, na kilele chake kirefu chapita mita 2,600. Pepo za bahari zikiifikia kutoka mashariki hupanda, hupoa, na humwaga mvua. Ndiyo sababu upande ule migomba, minanasi, midalasini na mikarafuu hustawi kama iliyopandwa Pemba. Upande wa magharibi, Mgeta, ni baridi, na watu hulima kabichi, karoti, njegere na viazi. Maji ya milima ile huteremka kuingia mto Ruvu, na Ruvu ndiyo inayoinywesha Dar es Salaam. Mtu wa Kariakoo akifungua mfereji wa maji nyumbani kwake, anakunywa mvua iliyonyesha juu ya shamba la mtu wa Kibungo Juu, wala huenda hajapata kulisikia jina hilo.

Kwa desturi ya Waluguru ardhi si ya mtu, ni ya ukoo, na ukoo hufuatwa kwa upande wa mama. Mtu wa nje akitaka kulima humwendea mkuu wa ukoo, naye akimkubalia hutoa kitu kidogo kiitwacho ngoto. Ngoto hiyo haikuwa kodi ya kumtajirisha mtu. Ilikuwa ni kukiri kwamba ardhi ile ina wenyewe. Na mwenye kulima kwa ngoto aliruhusiwa mahindi, mpunga na maharage, lakini si miti ya kudumu, kwa kuwa mti hukaa kuliko mtu, na aliyepanda mti kesho watoto wake watasema shamba ni letu.

Msomaji wa kisiwani atalifahamu jambo hili upesi kuliko mtu wa mahali pengine popote. Kwetu pia mti na ardhi ni vitu viwili. Twawajua watu ambao mikarafuu ni yao na udongo ni wa mwingine. Tuna mashamba yaliyokodishwa msimu kwa msimu. Tuna eka tatu tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, ambazo ardhi yake ni ya serikali. Na tuna mikarafuu mitano yenye warithi kumi na mmoja, wanaoonana wakati wa kuchuma tu, na mara nyingi huonana kwa kadhi. Kwa hivyo mtu asituambie kuwa mali ya shirika ni jambo geni tulilolizua katika chama. Sisi tumezaliwa ndani yake. Swali ni moja tu, nani huziweka kanuni zake.

Waluguru walilijibiwa swali hilo kwa nguvu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 mpaka 1955, serikali ya Kiingereza iliendesha mpango wa kutengeneza ardhi ya Uluguru. Mabwana Shamba waliona udongo ukiporomoka, na mito ikigeuka rangi, na katika hilo hawakusema uongo. Wakaamrisha kila mtu achimbe matuta ya ngazi milimani, wakakataza kuchoma moto mashamba, wakakataza kulima kandokando ya vijito, na asiyetii alipelekwa mahakamani. Lakini udongo mwema wa mahali pengi kule ni mwembamba. Ukichimba ngazi unaufukia chini na kuutoa juu ule usiozaa kitu. Watu wakatoa jasho, na mavuno yakapungua. Tena ikawa swali, anayechimba ngazi juu ya ardhi aliyopewa kwa ngoto, anamchimbia nani? Na wengine wakaogopa kwamba ardhi ikishatengenezwa kwa amri ya serikali, mwishowe serikali itasema ni yake.

Mwezi wa Julai 1955 watu walikusanyika kwa wingi huko Matombo wakikataa. Polisi wakapiga risasi, na mtu mmoja akafa. Mpango ukaachwa mwaka ule ule, na ngazi nyingi zikaachiwa zikabomoka. Maji na udongo, ambavyo kwa kweli vilihitaji kutunzwa, vilikaa muda mrefu bila ya mtu kuthubutu kuvitaja, kwa sababu kila aliyevitaja alikumbusha Matombo. Hasara hiyo hupimwa kwa nini? Sisi hatujui mizani yake.

Lakini huko Mgeta, katika milima ile ile, kulima kwa ngazi kuliendelea, na matuta huonekana hata leo. Huko mboga zilikuwa na soko Dar es Salaam, na mtu aliyechimba tuta aliona faida yake mkononi. Na mashamba ya mboga hunyweshwa kwa mifereji, na mfereji mmoja hupita kwa watu wengi. Wa juu akiziba, wa chini hukaukiwa. Wa chini akinung'unika siku tatu, siku ya nne hupanda na jembe, na si kwa kulima. Basi watu wa mfereji mmoja hawana budi kuwekeana zamu, na siku ya kuusafisha hutoka wote. Kitu cha namna hiyo huwezi kukigawa vipande. Mfereji uliogawanywa ni mashimo.

Kisiwani kwetu pia tumeonja kanuni zilizowekwa na wengine. Chama cha Wakulima wa Karafuu cha zamani kilianzishwa na serikali mwaka 1927, na mwaka 1937 sheria ikakipa mamlaka juu ya biashara ya karafuu kwenda ng'ambo, mpaka wafanyabiashara wa Kihindi wakaisusia karafuu hata mwaka 1938. Katika mvutano ule mkulima alikuwemo katika jina la chama kuliko alivyokuwemo katika baraza lake. Na bara, vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri mwaka 1976, kisha sheria ya 1982 ikavirudisha. Kinachoundwa kwa waraka kutoka juu huvunjwa kwa waraka. Hatusemi haya kwa kuchokoza. Twasema ili ifahamike kuwa chama chetu, chenye ada yake ndogo na ofisi yake ya chumba kimoja, ni kitu adimu, kwa kuwa kilianzishwa na wenyewe.

Turudi Uluguru, maana kuna habari mbili za karibuni ambazo twataka zisomwe na kila mwanachama.

Ya kwanza ni ya maji. Kuanzia mwaka 2006 mashirika ya CARE na WWF yaliendesha mpango huko Kibungo Juu uliokuwa na hesabu nyepesi: mkulima wa mlimani akipanda miti na majani ya kuzuia udongo, na akichimba matuta pale yanapofaa, maji yafikayo mjini huwa safi zaidi, basi anayeyatumia maji amlipe. DAWASCO, iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar es Salaam wakati huo, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza zikakubali kulipa. Wakulima wakalipwa kwa ukubwa wa eneo na kwa namna ya kazi waliyoifanya. Fedha zilikuwa kidogo, na kwa mji wa mamilioni ya watu wanunuzi wawili ni aibu. Lakini tazama tofauti. Mwaka 1955 mtu aliambiwa chimba usije ukafungwa. Nusu karne baadaye akaambiwa, kazi yako ina bei, njoo tupatane. Matuta ni yale yale, na milima ni ile ile. Mwaka 2008 serikali nayo iliyaunganisha maeneo ya misitu ya juu kuwa hifadhi moja, karibu hekta 24,000, na hapo kuna maneno mengine mengi baina ya vijiji na mipaka, lakini hayo tuyaache kwa leo.

Ya pili ni ya masoko. Mwaka 1993, mjini Morogoro, wakulima wakisaidiwa na walimu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine walianzisha mtandao wa vikundi vya wakulima uitwao MVIWATA, ambao leo umeenea nchi nzima. Katika taabu walizozishughulikia mojawapo ilikuwa hii: mkulima wa mlimani huteremsha tenga lake njiani, mwenye gari hufika na kutaja bei, na mkulima hana pa kukimbilia kwa kuwa nyanya na ndizi hazingoji. Gunia nalo hushindiliwa na kuongezwa kichuguu juu, ndiyo lumbesa, nalo huhesabiwa gunia moja. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa fedha za Ufaransa, yakajengwa masoko ya jumla Nyandira upande wa Mgeta, Tawa, na Tandai huko Kinole. Sakafu, paa, mahali pa magari, ushuru unaojulikana, na bodi ambayo wakulima wana viti vyao. Mkulima mmoja mbele ya gari moja ni maskini. Wakulima mia mahali pamoja, magari ishirini yakiwangoja, ni watu wengine kabisa.

Sasa tuulize. Je, Nyandira ingekuwa nini kama sakafu ile wangeigawana, kila mtu hatua mbili zake? Ingekuwa vibanda, na wenye magari wangerudi kusimama njiani.

Wako wanaosema kwamba mali ya wengi mwisho wake ni kuharibika, hapana budi ama igawiwe watu, ama ichukuliwe na serikali. Mwanamke mmoja wa Marekani, Elinor Ostrom, alitumia umri wake kuchunguza watu wa mifereji, wa misitu na wa uvuvi katika nchi nyingi, akaonyesha kwamba iko njia ya tatu: watumiaji wenyewe hutunza mali ya shirika muda mrefu sana wanapokuwa na mpaka unaojulikana, kanuni walizoziweka wao, mlinzi wanayemwamini, adhabu inayoanza ndogo, na mahali pa kusuluhishana karibu. Akapewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009. Tulipoisoma habari hiyo tulitabasamu kidogo, kwani tuliosoma chuoni tulifunzwa tangu utotoni kwamba katika maji, malisho na moto watu ni washirika. Hatukufunzwa tu nani atashika zamu ya kulinda.

Na hapo ndipo penye kasoro ya kiwanja chetu. Hakina zamu, hakina daftari, hakina mlinzi. Anayewahi hupata. Hiyo si shirika; hiyo ni fujo iliyopewa jina zuri.

Tukikigawa itakuwaje? Kila mwanachama atapata mahali pa jamvi moja, au mawili. Lakini karafuu haziivi kwa watu wote siku moja. Wiki hii shamba la bondeni limekomaa, wiki ijayo la kilimani. Karafuu mbichi huhitaji siku kadhaa za jua kali, na kila kilo tatu mbichi hukupa kama kilo moja kavu. Maana yake siku ya kuchuma kwako wahitaji majamvi kumi, na siku nyingine zote huhitaji hata moja. Kipande chako kitafurika siku tano na kukaa kitupu msimu mzima, ubavuni mwa cha jirani vilevile. Kikiwa cha shirika, nafasi ya asiyechuma leo ni nafasi yako. Faida yote ya kiwanja imo katika hilo, na hoja iliyo mbele yetu ndiyo inayoiua. Kisha mwenye kipande atakufa, nasi sote ni wa kufa, na kipande kitarithiwa na watu saba. Mmoja atauza. Mnunuzi atajenga duka, na kivuli cha duka kitaangukia majamvi ya wengine kila alasiri.

Tena liko jambo kubwa kuliko kiwanja. Sifa ya karafuu za kisiwa hiki ni mali ya shirika, na hii hata mtu akitaka kuigawa hawezi. Karafuu zilizoanikwa barabarani hushika vumbi, mchanga na moshi wa magari. Zikichanganywa na makonyo au mpeta, au zikitiwa maji zizidi uzito, anayefanya hivyo hupata shilingi zake siku moja, na hasara huigawa kwetu sote. Zamani mnunuzi wa ng'ambo aliyetaka karafuu za Afrika Mashariki hakuwa na pa kwenda ila kwetu. Leo anaweza kwenda Morogoro. Hatuna haja ya kuwachukia Waluguru kwa hilo, lakini tuna haja ya sakafu safi.

Kwa hivyo tutaleta hoja yetu badala ya ile. Kiwanja kibaki cha chama. Liwekwe daftari la zamu, na anayekusudia kuchuma aandikishe siku mbili kabla. Kila jamvi lilipe ada kidogo, na ada hiyo ianze kwa kuziba ufa kabla ya kununua kitu kingine chochote, hata karatasi za ofisi yetu. Mvua ikitishia, ligongwe debe, na kila aliyeko kiwanjani afunike jamvi lililo karibu naye, liwe la nani; atakayefunika lake peke yake apoteze zamu moja. Kosa la kwanza onyo, la pili zamu, la tatu lifike mkutanoni. Mlinzi achaguliwe na wanachama, na aweze kuondolewa nao. Na katika kamati ya watu watano, watatu wawe wanawake. Wao ndio wanaochambua, wao ndio wanaogeuza majamvi kutwa nzima juani, lakini katika orodha ya walioleta hoja ya kugawana hatukuona jina la mwanamke hata mmoja. Hatudhani hilo limetokea kwa bahati.

Mtu atasema kamati itazila fedha. Inawezekana, kamati ni watu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa hivyo hesabu ya kiwanja isomwe kwa sauti kila mwisho wa mwezi wakati wa msimu, pale pale kiwanjani, kabla ya watu kutawanyika, mapato na matumizi, shilingi kwa shilingi. Asiyejua kusoma atasikia. Anayejua atakuja kutazama kama kilichosomwa ndicho kilichoandikwa.

Daftari lenyewe tumekwisha kulinunua na kulipigia mistari, nalo liko ofisini. Kurasa za mwanzo tumenakili kanuni tunazozipendekeza, na tumeacha nafasi pana pembeni kwa kila mwanachama kuandika analolipinga au analoliongeza kabla ya mkutano. Ofisi hufunguliwa baada ya sala ya alasiri, isipokuwa Ijumaa. Walioleta hoja ya kugawana twawaomba hasa wafike, kwani wao ndio wanaoujua ufa ule ulipoanzia.